Ndege wa Mama Charmi

Dagoretti Corner,
Nairobi.
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Leo nimetimiza miaka kumi na moja na miezi kumi tangu nipande basi pale Ahero kuja kutafuta kazi. Wewe umetimiza minne tangu nikusindikize uwanja wa ndege ukaenda Uswidi.

Mpendwa mdogo wangu Joash,

Hujambo huko kwenye baridi? Kile kikohozi ulichoniambia mwezi wa nane kimekuachilia? Na unakula chakula kinachokaa tumboni, au bado ni ule mkate mweusi? Sisi tuko salama. Mgongo wangu unalalamika kila jioni, lakini asubuhi unakubali kuamka. Peres mke wangu ni mzima. Binti yetu Valarie anaendelea na shule, na ndiye atakayeipiga picha barua hii akutumie. Kwenye simu laini hukatika pale pale maneno yanaponoga, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mama amenieleza ulichomwambia. Kwamba Disemba huji, wala hutapanda ndege tena, kwa sababu moshi wa ndege unaharibu hewa, na hewa ikiharibika ndipo maji yanapobomoa nyumba kama yalivyobomoa yake mwaka jana. Halafu akaniuliza, "Kwani Joash ameamua kuwa mti? Mti ndio hauendi kumwona mama yake."

Sikukasirika, ndugu yangu. Mimi niliishia darasa la sita na wewe unasomea mambo ya hewa, siwezi kubishana na vitabu. Lakini haya ya ndege nami nayajua kidogo, kwa kuwa sasa ndiyo yanayonilisha.

Kazi ya mjengo niliiacha mwaka jana. Siku hizi nasukuma mkokoteni kutoka River Road hadi Ngara nikikusanya mafuta yaliyochoka, yale ya kukaangia chipsi na mandazi mpaka yakawa meusi. Nayamimina kwenye mitungi, lori dogo la kanta linakuja kuichukua. Yanachujwa, yanapelekwa ng'ambo, huko yanageuzwa kuwa mafuta ya ndege yasiyochafua sana. Kazi ni nzito lakini siilaumu. Nanuka chipsi hivi kwamba nikishuka hapa Corner mbwa wananisindikiza hadi mlangoni. Peres anasema hatimaye nimeajiri walinzi.

Sasa sikia kisa. Pale Ngara kuna mama wa Kihindi, Mama Charmi, anauza bhajia na chevda, vile vitafunio vya kukaanga. Karai lake ni kubwa kama beseni la kuogea. Kila asubuhi, kabla hajafungua duka, anamwagia njiwa mtama pale nje. Nilimwomba mafuta yake machafu wiki tatu mfululizo, na kila mara ananifukuza. "Hapana, bwana. Hii ni dhambi kubwa. Enda!" Nikajiuliza nimemkosea nini. Hao wengine wote wananipa, tena wanafurahi kuondolewa uchafu.

Wiki ya nne alinijia juu kabisa, mwiko mkononi. "Wewe nasema mafuta ya ndege, ya ndege! Hii imechoma bhajia siku tatu, halafu unapatia ndege? Ndege yangu nakula mtama safi!"

Mkaza mwanawe, Tanvi, alikuwa kwenye kaunta. Alicheka mpaka akashika meza. "Mummy, si ndege ya kula mtama! Ni ndege ya kwenda London!"

Omera, ndugu yangu, nilicheka hadi machozi, na yule mama naye. Alinipa mitungi miwili siku hiyo hiyo, na chai. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayemuuliza daktari, "Sasa hii ndege nakunywa mafuta yangu, ndiyo naleta Charmi?" Charmi ni binti yake, yuko Uingereza, hajamwona miaka mitano.

Sikutaka kumdanganya, kwa hiyo nilimuuliza Taranjit, dereva wa kanta. Akaniambia, "Zedi, hii yote tunabeba mwezi mzima, ndege kubwa inaimaliza kabla abiria hawajaletewa chai." Nikarudi nikamweleza Mama Charmi hivyo hivyo. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi iende na ya wengine. Mtoto akija hata mara moja, inatosha."

Maneno hayo nimezunguka nayo mjini wiki nzima.

Maana jirani yangu Nyokabi anakata ncha za mishiri, yale maharagwe ya kijani yanayosafirishwa kwa ndege kwenda kuliwa huko kwenu. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto watatu. Ukimwambia ndege zikome kesho, atakuuliza sufuria aiweke juu ya nini. Na Mama, aliyelala siku tisa kwenye darasa la shule maji yakiwa sebuleni kwake, ukimwambia ndege ziruke zinavyotaka, naye atakuuliza alale wapi tena. Wote wawili wana haki. Mimi siwezi kumchagua mmoja, na nadhani hata maprofesa wako wanakuna vichwa.

Lakini wapo wanaopanda ndege kama mtu anavyovuka barabara, kwenda kikao cha saa moja na kurudi. Hao ndio wa kuandikiwa barua kali. Wewe umepanda mara moja kwa miaka minne. Usianze kuyabania macho ya mama yako yanayotaka kukuona.

Ninachokuomba ni hiki. Usije kila mwaka. Njoo mara moja, ukae. Umesema masomo yako mengine unaweza kuyafanya ukiwa mbali. Basi yafanyie nyumbani hadi Machi, ujionee mwenyewe huo mto uliombomolea Mama nyumba, unaouandika masomoni. Mama amehamia kule juu karibu na shule. Nyumba yangu iko kulia kwa lango. Upande wa kushoto ameacha nafasi ya simba yako, ile nyumba ya kijana, na amekataa hata mbuzi kufungwa pale. Unajua kwetu kijana hasimamishiwi nguzo akiwa hayupo. Hilo haliwezekani kwa simu.

Nisalimie Fidel binamu yetu, umwambie kwamba mama yake bado anaisifu ile sweta aliyomtumia. Nyokabi anakusalimu bila kukujua. Mungu akufunike huko ulipo na akufungulie njia, ya juu au ya chini.

Mimi nitafika nyumbani Jumamosi tarehe 13 Disemba. Shimo la nguzo yako ya kwanza nitalichimba mwenyewe. Nguzo sitaigusa.

Akupendaye hata ukikawia,
kaka yako Zedekiah.