Daftari la Koku Halikuwa na Wekundu

Alhamisi, Oktoba. Muleba.

Mvua ilitukuta mstarini asubuhi na mpaka saa hizi haijakata. Sketi yangu nimeitundika mlangoni, inachuruzika. Moyo nao haujatulia, na sababu naijua, kwa hiyo ngoja niseme tu.

Nimeficha fomu ya mtoto wa watu wiki mbili.

Haya, nimesema. Kuna shule ya bweni Bukoba mjini inafungua darasa maalumu la watoto wenye vipaji, kuanzia darasa la tano, bila ada. Kila shule imeombwa ipendekeze mtoto mmoja. Mwalimu mkuu alinikabidhi fomu mimi, maana darasa la tano ni langu, akasema, "Mwalimu Zaituni, wewe unajua nani." Kila mtu anajua nani. Hata mbuzi wa jirani wanajua! Ni Kokushubila, Koku wetu. Fomu nikaikunja nikaisukumia chini kabisa ya pochi. Mwisho wa kuirudisha ni kesho.

Ofisini nilikuwa na hoja nzuri mno. Nilisema watoto wenye akili wakikusanywa peke yao wanaota mapembe. Nilisema mtoto wa miaka kumi na moja anamhitaji mama yake kuliko anavyohitaji hesabu ngumu, na wanaobaki watakosa wa kuwavuta. Nilisema mpaka mwalimu wa sayansi akanyamaza, na yule si mtu wa kunyamaza. Nusu ya maneno yale bado nayaamini.

Lakini sababu yangu haikuwa hiyo.

Darasa lina watoto zaidi ya tisini, na mimi ni mmoja. Nikieleza hesabu za sehemu kwa Kiswahili, wale wa nyuma wakanikodolea macho, Koku anainuka anawaeleza kwa Kihaya, polepole, kwa mfano wa mkungu wa ndizi na watu wa kugawana, nao wanaelewa. Mwezi wa pili nikampa na kalamu nyekundu. Tangu hapo anasahihisha madaftari ya safu mbili nzima. Anaweka alama za vema, anaandika "Jitahidi, utaweza" kwa mwandiko unaoushinda wangu. Mimi nakunywa chai. Mungu anisamehe.

Leo kwa ajili ya mvua watoto hawakutoka mapumziko. Walibaki darasani wanaimba, nami nikawa napekua madaftari kupoteza muda tu. Nikafungua la Koku.

Tangu mwezi wa pili halina hata alama moja nyekundu.

Ya wenzake yamejaa wekundu, kazi ya mkono wake. Lake ameliacha, kumbe aliona si haki kujisahihisha mwenyewe. Anamaliza kazi yangu upesi, halafu anajipa maswali ya darasa la saba kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada. Kurasa kwa kurasa za eneo la pembetatu. Na yote amekosa, kosa lile lile: anazidisha kitako kwa kimo, hagawi kwa mbili. Miezi yote hiyo, na mimi nipo hatua tano kutoka kwenye dawati lake.

Nikamwita nikamwonyesha. Akaangalia, akaziba mdomo kwa mkono, kisha akacheka. "Kumbe nakosea, mwalimu!"

Alifurahi. Wallahi alifurahi, macho yanamwaka. Nikageukia dirishani nikajifanya naangalia mvua, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Baada ya masomo nikafuatana naye hadi kwao. Mama yake alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikamweleza yote, na zile wiki mbili pia. Hakunigombeza, na hilo likaniuma zaidi. Akauliza tu, kwa ile heshima ya Kihaya, "Waitu mwalimu, akizoea kukaa na wenye akili tu, akirudi likizo atakuwa na la kuongea na mimi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Nikamwambia kila nikienda kwetu Bilele, pale pale Bukoba mjini, nitapita shuleni kumwona Koku, nami nitamletea yeye habari za mwanawe.

Koku akadakia, "Ma, nikirudi nitakufundisha pembetatu." Tukacheka wote. Mama akajifuta macho kwa pindo la kanga, akanawa mikono, akaikausha vizuri, ndipo akaweka sahihi kwenye fomu.

Wakati naaga, Koku akatoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa sweta, akanirudishia kwa mikono miwili. Alikuwa na ombi moja tu, kuhusu Desi, mwenzake wa dawati moja, ambaye kugawanya kumeanza kumwingia juzi juzi. "Mwalimu, Desi akiona kosa kwanza anaogopa. Uanzie na lile swali alilopata."

Sasa fomu iko mezani, nimeijaza kila mstari. Nimemsifu Koku mpaka nafasi imekwisha. Ila kuna swali haliniachi. Ningekuwa nafungua daftari lake tangu mwezi wa pili, mtoto huyu angelazimika kwenda Bukoba kutafuta mwalimu?

Asubuhi mwalimu mkuu anaondoka na fomu. Mimi nitabaki na madaftari tisini na kitu, na kalamu yangu.

Nitaanza na la Desi. Na nitaanza na lile swali alilopata.