Steringi ni Yupi?

Alhamisi

Nilishaapa kutoangalia tena muvi na mama mkwe, na leo nimeangalia.

Amekuja kutoka Sigino kwa ajili ya majibu yake ya hospitali, kesho asubuhi. Nayaogopa kuliko yeye. Baada ya kula nikaweka ile muvi niliyoitafuta wiki nzima. Mzee na dada yake wanazunguka na friji kwenye pikapu, wanataka kumrudishia jirani ambaye alishakufa. Hakuna bunduki. Hakuna hata mtu anayekimbia. Naipenda sana.

"Mama Neema, steringi ni yupi?" mama mkwe akaniuliza.

Nikamwambia muvi za namna hii hazina steringi.

"Sasa tutajuaje nani hafi?"

Nikasema haijulikani. Akaniangalia kama nimemwandalia ugali bila mboga. Kila aliyetokea, hata muuza mafuta, akauliza, "Ni huyu?" Nilikaribia kuzima luninga.

Kisha yule dada akaanza kukohoa ndani ya pikapu, akakohoa sana. Mama mkwe hakuuliza tena.

Muvi ikaisha bila kusema kama alipona. Huwa zinaishaga hivyo, na ndicho ninachozipendea. Leo kimenikera.

Mama akasimama, akajifunga kitenge vizuri aende kulala. Mlangoni akageuka.

"Steringi ni yule dada, au siyo?"

Muvi ile haina steringi. Nilishamwambia.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni yeye."