Nguru Juu ya Gauni la Ghadeer

Baba Laith,

Wali uko kwenye sufuria, upashe moto tu. Zile karatasi nilizozianika bafuni zisiguswe, wala Laith asizitupe. Nataka kunakili mistari iliyosalia.

Nimekwenda Nizwa kumpima binti yako Ghadeer upya, kwani vipimo vyake vyote vimezama kwenye mafuta ya samaki. Wiki tatu nimechora vipande vya gauni lile la Kiingereza, la zama za Malkia Victoria, kwa mkono wangu, maana mchoro wake hauuzwi popote hapa, na onyesho la chuoni kwao ni Alkhamisi. Asubuhi nduguzo wakafika kutoka Sur na nguru wao, sufra ya kulia hukuiona, ukatandika karatasi zangu sakafuni. Mkala. Nami nikala pamoja nanyi, nikasifu na samaki. Niliponyanyua sinia ndipo nikaona kiuno cha mwanangu kimejaa mbaazi, na mtu kafutia vidole kwenye ukosi. Kinyaa kimenishika mpaka sasa.

Ukaniambia gazeti lina jina la Mwenyezi Mungu, halifai kuliwa juu yake, na hizi zina mistari na nambari tu. Wallahi hapo umesema kweli.

~~Silali nyumbani leo.~~ Nitarudi magharibi. Nitachora upya, na kila kipande, hata ukosi, nitakiandikia Bismillahi. Halafu nione nani atakayeweka sinia juu yake.

Mama Laith