Ngazi Imekwenda Kula

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kanipa mkanda wa katuni ya zamani, bubu, nyeusi na nyeupe, niusafishe kabla haujanakiliwa. Mfupi. Nikadhani kazi ya asubuhi moja. Thubutu! Siku nzima nimeganda mezani.
Mbuzi fundi rangi yuko juu ya ngazi, anapaka ukuta. Ngazi inachoka, inanyoosha miguu, inakwenda zake kula. Mbuzi anabaki hewani, anapaka tu. Haanguki — mpaka atazame chini!
Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikamkumbuka baba. Naye fundi rangi, naye ngazi ilimwangusha. Kicheko kikanikauka.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimeutazama mkanda picha moja moja juu ya kioo chenye taa. Jamani, wachoraji hawa! Mbuzi kapewa vidole vitatu, cha nne kingewachosha bure. Mwili mweusi tii, wino mtupu. Hatua zake ni michoro ileile inayorudi. Wavivu wenye akili, nawapenda.
Na pale anapotazama chini — hasogei. Mchoro mmoja, umepigwa picha tena na tena. Kicheko chote kimo kwenye kutulia kule. Mimi ningemwangusha mara moja, nikaharibu.
Juu ya pembe kuna doa. Nikasugua, halitoki. Kumbe ni alama ya kidole, kwenye mchoro wenyewe. Mtu alishika wino haujakauka. Nimefurahi kama nimepewa mkono.

Alhamisi, 6 Machi
Baba yuleyule. Mfupa umeunga, daktari kasema zamani, lakini ngazi haigusi. Dari ya jikoni nusu nyeupe, nusu moshi, tangu siku aliyoanguka. Anakaa ameipa mgongo. Wateja wakipiga simu anasingizia mguu.
Nilimwambia mama nataka kumwonyesha katuni. Akanijia juu: mtu kaanguka, unamwonyesha kuanguka? Nimeghairi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeghairi kughairi! Bosi kaniruhusu kuiweka kwenye simu.
Baba alitazama. Mbuzi alipochovya brashi akaguna: anazamisha mpaka mpini, rangi yote itamwingia kwapani. Anamkosoa mbuzi! Ngazi ikaondoka. Mbuzi akatazama chini. Sote tukaacha kupumua.
Puu, ndani ya pipa la rangi! Akatoka mweupe pe, akasimama mbele ya ukuta wake — haonekani, macho mawili tu.
Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Mama akaja mbio na mwiko. Baba akajifuta machozi, akasema, "Huyu afadhali. Mimi sikupata hata muda wa kutazama chini."
Ndiyo mara ya kwanza kuitaja siku ile. Mama akakaa chini na mwiko wake, akataka naye aonyeshwe toka mwanzo.

Jumapili, 9 Machi
Naandika jikoni, baba akiwa juu ya ngazi. Nikiacha kuandika atajua namwangalia.
Kaileta mwenyewe. Kaitikisa, kakagua miguu yake. Mama kashika upande mmoja. Baba kapanda mpaka mkono ukafika darini. Amechovya ncha tu ya brashi — mbuzi aone! Halafu akaganda. Hapaki, hashuki. Rangi inamchuruzika mkononi.
Akauliza, macho juu, "Mama watoto, ngazi ipo?"
"Ipo," mama akasema. "Imeshiba."
Mabega ya baba yanatikisika. Anacheka au anatetemeka, sijui. Mama ananiita nishike upande wa pili.