Vumbi Katika Vichupa Vitatu

Athanasi,

Uji uko kwenye chupa ya chai. Kuku hawajala. Nimekwenda Ngulyati kwa shangazi yako, nitarudi jioni.

Majibu ya maabara yameletwa asubuhi na basi la Dar. Bahasha ilikuwa imefunguka kidogo upande mmoja, nikaimalizia. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma. Yale mafuta ya aina tatu uliyoyatoa kwenye injini ukayajaza kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi, yote ni mazima. Yaliyovumilia moto kuliko mengine ni ya dukani kwa Tajudin, yule uliyemwita mwizi mbele ya wateja wake eti mafuta yake yanakusagia injini.

Kinachosaga ni vumbi. Limekutwa katika vichupa vyote vitatu, na wanauliza kama hilo gari la mashindano lina chujio la hewa.

~~Mimi sijui lilipo.~~

Ulilitoa mwenyewe wakati wa Pasaka ili gari lingurume mpaka Sapiwi wasikie, ukalitupa uani. Nikaona ni duara zuri, lina tundu katikati, nikalifanya kata ya kubebea ndoo kichwani. Tangu hapo shingo haijaniuma.

Hilo hapo mezani, ulitazame tu, kisha uniachie. Nunua jipya kabla ya mashindano ya Jumamosi, pamoja na mafuta. Vyote viwili viko kwa Tajudin peke yake. Miezi miwili umekuwa ukichagua mafuta. Leo njiani chagua maneno.

Mayu, mama yako asiyejua magari