Sura ya Saba ya Kitabu cha Baba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuachia, na kwamba wifi na watoto ni wazima. Huku miili haijambo. Mengine nitayaeleza taratibu, nawe tafadhali usiikunje barua kabla hujafika mwisho.

Nimefurahi kusikia kitabu cha Baba nilichokutumia kimefika. Umesifu kilivyopangwa, kisha ukaniuliza jambo moja tu: iweje mtu aandike maisha yake yote asimtaje mwanawe wa kwanza, hata kwa kumsema vibaya. Swali hilo nimelibeba wiki tatu.

Kupanga maandishi kwa kompyuta ndiyo kazi yangu, unajua. Pale dukani wateja huniletea kazi walizorembesha kwa mkono, mstari huu mnene, ule mkubwa, nami huwatania kwamba huko ni kupaka poda bila kunawa uso. Nawafundisha kuipa kila aya mtindo wake: kichwa cha sura, maandishi ya kawaida, nukuu. Ukiubadilisha mtindo mara moja, kila palipo na mtindo huo hubadilika, na orodha ya yaliyomo unaisasisha kwa kubonyeza tu. Baba alipendezwa mno. Alikaa nyuma ya kiti changu na madaftari yake tisa, kila sura na daftari lake, akisema laiti angekuwa na chombo kile enzi zake za kupima viwanja.

Siku chache baada ya kumkabidhi nakala yake, alinijia jikoni akauliza sura ya saba iko wapi. Nikamwonyesha: hii hapa, ya kustaafu. Akasema hapana, hiyo ni ya nane. Akafuata namba za kurasa kwa kidole, akakagua yaliyomo, hakuona pengo. Akaenda kuhesabu madaftari, akapata manane. Nikamwambia yalikuwa manane tangu mwanzo. Kaka, huyu ni mtu anayekumbuka kila jiwe la mpaka alilolifukia kabla hatujazaliwa. Alinitazama, kisha akaniomba radhi. Baba, kuniomba radhi mimi!

Tangu hapo hajiamini. Husita katikati ya maneno na kuniuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Kalamu ameiweka chini. Daktari alimpima, akasema haoni tatizo, lakini Baba alikwisha kujihukumu. Wageni wakija huwaambia wamuulize binti yake, kwani kichwa chake hakishiki tena kitu. Majirani wananisifu: fimbo ya mbali haiui nyoka, heri yake ana mtoto wa karibu. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Kaka, daftari la sura ya saba lilikuwapo. Nililipiga chapa mwenyewe, neno kwa neno. Humo tu ndimo Baba alimokutaja, akieleza siku ile Mama alipozidiwa. Si wewe uliyechelewa kumpeleka hospitali. Mama alimwambia Baba tangu asubuhi kwamba anaumwa, naye akamtaka avumilie mpaka amalize kupima kiwanja cha watu. Lawama akakutupia wewe msibani, mbele ya umati, kwa kuwa alishindwa kuibeba. Ameandika kurasa kumi na nne za kukuomba msamaha.

Na mimi, niliyemfulia na kumpikia miaka kumi na moja tangu uondoke, kitabu kizima nimetajwa mstari mmoja. Wivu ulinishinda. Nikatengeneza mtindo mpya, nikauwekea alama ya kuficha maandishi, nikaupachika sura ile nzima. Ikatoweka kwenye kioo na kwenye karatasi. Ya nane ikawa ya saba, namba zikajipanga upya kana kwamba hakuna kilichowahi kukaa pale. Daftari nikalichoma nyuma ya nyumba.

Juzi, baada ya kuisoma barua yako kwa mara ya sijui ngapi, niliuondoa ule mtindo. Sura ikarudi yote, hata mkato haukupotea. Nikaichapa, nikampigia Baba magoti, nikamweleza nilichofanya. Aliisoma polepole mpaka mwisho. Kisha akaniwekea mkono kichwani, akasema mimi ni mtoto mwema, lakini nisimtungie mzee maneno ili kumfariji. Akataka kuona daftari lenye mwandiko wake, sina. Akasema herufi za mashine anaweza kuziandika yeyote. Tena msibani watu wote walisikia kwamba kijana ndiye aliyechelewa, na siku hizi anaamini wanachokumbuka wenzake kuliko anachokumbuka yeye.

Nimeziambatisha kurasa hizo. Najua kwako nazo ni karatasi za kompyuta tu, kutoka kwa mtu aliyekwisha kudanganya. Sikuombi unisamehe. Nakuomba usadiki kwamba aliyaandika, maana ukikataa nitabaki peke yangu ninayejua, na yeye mwenyewe hajui tena.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu. Baba ameniuliza hapa namwandikia nani. Nilipokutaja, aliuliza kama salamu zake bado unazipokea.

Ni mimi mdogo wako,
Mpiga chapa