Fuko za Mathilde

Liège, tarehe 4 Octobre 1992

Mulamu Albertine,

Jambo sana. Habari ya afya, ya bwana yako yaya Édouard, ya batoto batatu? Minye niko muzima, ila baridi ya Ulaya inaniingia mu mifupa. Nilikuandikia mara mbili na hukunijibu, na inanikasirisha.

Ku radio banasema batu ya Kasai banafukuzwa Likasi. Baba yetu alitoka kule, lakini yaya alizaliwa Likasi kama minye. Nazani habatamugusa.

Sasa fuko zangu, zile panya za chini ya udongo nilikuachia mu caisse mbili. Uzipe viazi vitamu, na usichanganye zile jamaa mbili. Fuko haone karibu kitu, anajua ndugu yake kwa harufu na kwa sauti. Ukimutia kwa wengine, watamuuma mpaka akufe. Miaka sita nilizichimba kule Mwadingusha, nikashika sauti zao ku kaseti. Inabakia sauti moja tu: ile mama anaita nayo batoto wakipotea mu tundu. Hakuna muntu aliishika bado. Nitarudi mwezi wa kwanza kuitafuta. Fuko zikikufa, kazi yangu imekufa.

Mulamu wako,
Mathilde

Likasi, tarehe 22 Novembre 1992

Mathilde,

Jambo. Afya yetu uliiuliza kwa mustari moja, fuko kwa ukurasa karibu muzima. Basi nianzie kwa fuko. Tulizikula.

Vijana ya avenue yetu balikuya asubuhi, na Clovis kati yao, yeye mwenye yaya yako alimufundisha kusoma. Balimwambia Édouard atoke, juu nyumba haiko tena ya bilulu. Wadudu, njo jina balipatia batu ya Kasai. Minye balinisihi nibakie, juu niko mutoto wa hapa. Nilitoka na batoto, na nguo za mwili, na zile caisse zako mbili, juu nilikuahidi.

Tunalala ku gare, batu elfu na elfu, tunangojea train. Fuko nilizitafutia viazi na batoto wakakula bukari bila mboga. Kisha unga ya bukari ikaisha. Nilizichinja kwa mukono wangu. Bertin na Plamedie walikula mpaka kulamba vidole. Ukasirike kama unapenda. Minye nilianza kukasirika mbele yako.

Bibi ya yaya yako,
Albertine

Liège, tarehe 17 Janvier 1993

Mulamu,

Salamu kwako na kwa yaya, kama barua inawakuta wazima. Yako niliipasua, kisha nikaokota vipande.

Ninakasirika, sitakudanganya. Zile fuko nilizijua moja moja kwa sauti. Nilimwambia professeur wangu. Alicheka, akasema kule kwetu utafiti wote unaishia mu chungu. Nikamujibu kaka yangu analala kando ya reli. Akasema nichague munyama mwingine, mwenye batu ya kwetu habakule. Nilifunga mulango yake mpaka kioo ikapasuka, na sasa banaongea kuninyang'anya bourse ya masomo. Banyang'anye.

Lakini nilisoma vile vipande tena. Unasema Bertin na Plamedie walikula. Na Tina, mutoto wa tatu, yuko wapi? Usinifiche kitu.

Mathilde

Mwene-Ditu, tarehe 30 Mai 1993

Mathilde,

Jambo. Sisi wane tuko wazima.

Tina alikufa na kuhara pale ku gare, kabla hatujakula zile fuko. Nilipeleka maiti ku makaburi, balinizuia ku mulango. Balisema ile udongo haiko ya bilulu. Mutoto mwenye nilizaa minye, mu hospitali ya Likasi. Tulimuzika nyuma ya gare, na Édouard alichimba na sahani. Yeye njo alikataza nikuandikie, alisema uko peke yako kule, utalia na nani?

Train ilifika mwezi wa tatu. Mu njia soldat moja aliangalia carte yangu, akaona kwetu ni Katanga, akaniambia: "Mama, weye ni wa hapa. Shuka." Nikamujibu: "Batoto ni wangu, bwana ni wangu. Ushushe wote ao utuache." Alituacha.

Hapa Kasai banatuita batu ya Katanga. Batoto wakisema Luba yao, batu ya hapa banabacheka. Édouard hatafute kazi. Train ikifika anasimama ku quai, anaangalia wenye kushuka mpaka wa mwisho, kisha anarudi kulala.

Usitutumie pole mu barua, Mathilde. Pole nimeshiba. Kuya weye mwenyewe.

Dada yako,
Albertine